Ombi la Kusimamisha Ukwe kwa Saa Tatu

Mwigulu Mageni,
Karani Mstaafu, Mahakama ya Mwanzo,
Ngokolo, Shinyanga.
5 Novemba 1998

Mzee Pantaleo,
Mshenga,
Geita.

YAH: KOMPYUTA KUKATAA KUZIMIKA, NA MAOMBI YA KUSIMAMISHA UKWE KWA MUDA WA SAA TATU TU

Kwako Mheshimiwa Mshenga, uliyesimama kati ya nyumba mbili bila kuegemea ukuta wa yeyote,

Nakupa kwanza shikamoo yako kamili, isije ikasemwa huko Geita kwamba hasira zimenilia adabu. Hasira ninazo. Adabu pia ninayo. Vyote viwili vimo katika barua hii na naomba usivichanganye.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda chumbani kwangu, zamu yangu ikiwa ni ya saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mbele yangu ipo kompyuta. Leo ni siku ya arobaini na saba tangu tuiagize ijifunge, yaani izimike, na haijajifunga.

Kabla ya malalamiko, niweke kumbukumbu sawa, maana miaka thelathini na mmoja ya ukarani imenifundisha kwamba shauri lisilo na chanzo halina mwisho. Desturi yetu unaijua: baba wa binti huletewa koti. Ngassa, mchumba wa binti yangu Nelly, anayetunza kumbukumbu katika ofisi ya watafuta dhahabu huko kwenu, akaona koti ni mambo ya kale. Akaleta kompyuta kuukuu ya ofisini kwake. Wewe mwenyewe uliipakata ndani ya basi toka Geita, ukaifikisha hapa magoti yamekufa ganzi, ukasema, "Mageni, hili ni koti kubwa kuliko makoti yote." Nilikubali. Sikuuliza vifungo vyake vikoje, na hilo ni kosa langu.

Tuliiweka sebuleni. Tundu la umeme la sebuleni likaungua wiki hiyo hiyo, na tundu pekee linalofanya kazi katika nyumba hii likabaki la chumbani kwetu, mimi na mke wangu Scolastika, Mama Nelly. Nikaihamishia huko kwa mikono yangu. Tarehe 19 Septemba Nelly akamaliza kupiga chapa humo orodha ya waalikwa wa harusi, watu mia tatu na kumi na wawili, akaiagiza ijifunge. Ikaandika kwa Kiingereza, nami kwa kuwa nilikuwa pia mkalimani wa mahakama nakutafsiria bila kuongeza wala kupunguza: "Tafadhali subiri wakati kompyuta yako inajifunga."

Mzee Pantaleo, tunasubiri. Sasa malalamiko.

1. Kwanza kabisa nalalamikia hilo neno "tafadhali". Katika miaka yangu yote ya kazi nimeandika hati za kukamata, za kuachia, za kuhamisha mbuzi wenye ubishi toka boma moja kwenda jingine, na hakuna hata moja iliyosema tafadhali. Amri isiyo na tafadhali mtu anaweza kuikatia rufaa. Hii yenye tafadhali unaanzia wapi? Ukiondoka umemkosea adabu aliyekuomba vizuri. Na karatasi ya maelekezo aliyoituma Ngassa kupitia kwako ina sentensi moja iliyopigiwa mistari miwili: tusiikatie umeme kabla haijamaliza kujifunga, vilivyomo visije vikapotea. Waalikwa mia tatu na kumi na wawili wapotee! Wakiwemo wa upande wako!

2. Kwa kuwa tumeambiwa tusubiri, na haikutajwa nani asubiri, nimelazimika kupanga zamu. Mimi na Mama Nelly tunapokezana, na Nelly anaingia akitoka shuleni anakofundisha. Kutokana na zamu hizi nimekosa mnada wa ng'ombe mara sita, Mama Nelly amekosa kwaya mpaka nafasi yake ya sauti ya pili imechukuliwa na mtu ambaye, kwa maelezo ya Mama Nelly, anaimba kama bawaba. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana siku arobaini na saba, amekaa kwenye meza yangu ya kuandikia, anakula umeme, na hana mkono wa kushika jembe.

3. Tarehe 2 Oktoba umeme ulikatika mtaa mzima. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Hapana. Ngassa kwa ukarimu wake alikuwa ametuma pia ile betri ya akiba, sanduku zito kama tofali bichi, na umeme ulipokatika likaanza kulia pii, pii, pii, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Nikaelewa kwamba linaomba msaada. Nilitoka mbio, mimi mwenye miaka sitini na mitatu, na kandambili mguu mmoja, hadi dukani kwa Bwana Firoz, jirani yetu, nikaazima jenereta lake. Bwana Firoz alinisaidia kulisukuma. Njiani akaniuliza, kwa upole sana, kama lengo letu siyo kompyuta izimike. Nikamwambia lengo ndilo hilo, lakini izimike yenyewe kwa hiari na kwa kufuata taratibu, siyo kwa kuviziwa gizani. Tangu siku ile ananiangalia kwa huruma ninayoiona mimi kuwa haina msingi.

4. Sasa nakuja kwako wewe, na samahani. Kwa kuwa Ngassa ni mkwe na mimi ni mkwe, hatuwezi kuandikiana kama watu waliokutana kwenye pombe. Maswali yote yanapita kwako. Nimekubali. Lakini majibu yenu, Mzee! Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na mchoro. Jibu lililokuja lilikuwa mstari mmoja: "Ngassa anauliza, taa ndogo ya mbele ni ya rangi gani?" Nikajibu ni ya kijani. Siku nane zikapita. "Ngassa anauliza, je, inapepesa au imetulia?" Imetulia. Siku nane nyingine. "Ngassa anauliza, je, ndani panavuma?" Panavuma. Barua ya nne ikauliza hali ya Mama mkwe na mvua za huku. Ya tano, naapa, ikarudi kuuliza taa ni ya rangi gani!

Mahakamani shahidi huulizwa maswali yote akiwa amesimama pale pale. Haulizwi jina lake leo na kabila lake baada ya siku nane. Kijana aliyesomea mambo haya anashindwaje kuuliza mambo mawili katika karatasi moja? Karatasi imeadimika Geita? Halafu bahasha zenyewe zinanifikia zimeshafunguka. Nelly, ambaye huzipitia posta akitoka kazini, anasema gundi ya huko kwenu ni mbovu. Naomba mnunue gundi.

5. Nikasema basi, kuna fundi wa kompyuta hapa mjini. Yupo mmoja. Nikamwita. Akaja na begi lake, akafika mlangoni, tukaanza kujuliana hali na kuulizana koo kama watu wenye malezi, na ndani ya dakika tano ikabainika kwamba baba yake na baba yake Ngassa ni ndugu. Kwa hiyo naye ni mkwe! Akakunja begi lake, akanipa pole kutokea barazani, akaenda zake. Mwiko haumwangalii mtu na cheti chake: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Hilo halina mjadala katika nyumba hii, na sitaki kuwa Msukuma wa kwanza kulijadili kwa sababu ya sanduku.

Nilijaribu njia ya pembeni. Nilipendekeza kitanda kitolewe nje, ili chumba kisiwe chumba cha kulala bali kiwe ofisi. Mama Nelly alisema, "Yaya," ambalo kwa Kisukuma ni hapana, na kwa Mama Nelly ni hapana iliyopigwa muhuri. Alisema chumba cha mama mkwe ni cha mama mkwe hata kikiwekwa mbuzi.

6. Ndipo, baada ya siku tatu za kutafakari kwenye kigoda, nilipopata ufumbuzi, nao ndio kiini cha barua hii. Tatizo siyo kompyuta wala chumba. Tatizo ni ukwe. Ngassa ndiye anayejua kuizima, na Ngassa ndiye asiyeweza kuingia. Tukiondoa ukwe, anabaki fundi. Naomba kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, ukwe kati ya nyumba hizi mbili usimamishwe siku ya Jumamosi tarehe 14 Novemba, kuanzia saa nane kamili mchana hadi saa kumi na moja kamili jioni, kwa utaratibu ufuatao:

(a) Wewe na Ngassa mtafika saa nane kasoro robo na kupokewa kama wakwe, pamoja na soda. Saa nane kamili utasimama barazani na kutamka mbele ya Bwana Firoz kwamba kati ya nyumba hizi mbili hakuna kitu. Bwana Firoz nimemwomba awe shahidi. Ameniomba nimrudie ombi mara mbili, kisha akakubali.

(b) Ngassa ataingia chumbani kama fundi wa kawaida. Hataniita baba. Ataniita mzee, nami nitamwita kijana. Nimeshaanza kulifanyia mazoezi neno hilo. Soda yake atarudisha chupa.

(c) Akiizima, atatoka, atanawa, ataenda hadi kona ya barabara, atageuka, atakuja kupiga hodi na kuomba uchumba upya. Nitamkubali. Nitajifanya nafikiri kidogo, kwa ajili ya heshima ya binti.

(d) Ng'ombe wa mahari, walioko kwa kaka yangu huko kijijini Mhunze, kwa saa hizo tatu watahesabiwa kuwa wageni. Yule mwekundu ana mimba kubwa. Akizaa kati ya saa nane na saa kumi na moja, ndama atakuwa wa nani? Hili limenikosesha usingizi. Napendekeza kaka yangu amzuie.

7. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na nakuomba usome taratibu.

Habari zilitoka. Sitaki kumlaumu Bwana Firoz, ila nilimweleza dukani kwake siku ya gulio, na sauti yangu ni ya kuita mashauri. Juzi akaja hapa mtu anaitwa Marselino, mnunuzi wa dhahabu, mwenye meno mawili yanayoonyesha kazi yake. Akanieleza kwa lugha nzuri tu kwamba amesikia Jumamosi ya tarehe 14, toka saa nane hadi saa kumi na moja, Nelly hatakuwa mchumba wa mtu. Anaomba saa nane na dakika moja awe wa kwanza kwenye foleni.

Nilifungua kinywa nimfukuze. Lakini, Mzee Pantaleo, kisheria ningempinga kwa kifungu gani? Nimetafuta. Hakuna. Tena alikuja na koti! Koti lenyewe, la sufu, la kahawia, lenye bitana na mfuko wa ndani wa kuwekea miwani. Nilisema silipokei. Akasema siyo kupokea, ni kulipima tu. Nikalipima, kwa madhumuni ya ushahidi. Lilinikaa. Liko nyuma ya mlango sasa hivi ninapoandika, na kila nikiliangalia naona aibu, kisha naliangalia tena.

8. Mama Nelly amesema ukwe siyo bomba la maji, ufungue na kufunga unavyotaka. Amesema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kijana akishafika ile kona ya barabara akiwa huru, na upepo wa Geita ulivyo, nani amemhakikishia kuwa atageuka? Nikamwambia ataapa. Akaniuliza ataapa kama nani, wakati huo si mkwe wetu wala si mtu wetu. Amesusa zamu zake tangu jana, kwa hiyo sasa nakaa mimi peke yangu.

9. La mwisho ni dogo lakini ndilo linaloniuma. Jana jioni Nelly alikuja akasimama hapa pembeni ya kigoda. Harusi ni tarehe 9 Januari, nguo imeshakatwa. Hakulia. Aliniuliza, "Baba, na mimi saa hizo tatu nitakuwa nani?" Nikamjibu kwamba atakuwa kielelezo cha shauri. Nilijibu kikarani, Mzee, na jibu lile limenikaa kooni mpaka sasa kama mfupa wa sato. Nampenda binti yangu. Sijui kwa nini nilisema vile. Ningeweza kusema chochote.

Hata hivyo, amri ni amri, na imeandikwa tafadhali. Sioni njia nyingine. Naomba ombi hili likubaliwe kama lilivyo, na jibu lije katika bahasha iliyofungwa kwa gundi ya kueleweka.

Nisalimie wote huko: mke wako na yule bibi yenu aliyenicheka siku ya mahari, katekista na walimu wake, wachimbaji wote walioko juu ya ardhi na walioko chini yake. Mama Nelly anawasalimu, ila amesema salamu zake zisichukuliwe kuwa ni kuunga mkono yaliyomo.

Ni mimi, wako katika kusubiri,

Mwigulu Mageni
Karani Mstaafu

Nakala: Jalada.

N.B. Mzee Pantaleo, usichukue hatua yoyote kabla ya kusoma hapa.

Nilimpa Nelly barua hii aipeleke posta. Hakufika posta. Aliisoma njiani, kwa sababu ambayo hakuieleza, akarudi, akapita sebuleni bila hata kuvua viatu, akaingia chumbani. Nikamfuata nikisema zamu ni yangu. Akabonyeza kile kitufe cha kuwashia. Mimi nami nilishakibonyeza siku ya kwanza, mara moja, kwa heshima, nikaachia. Yeye hakuachia. Akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kompyuta ikazima. Kimya kilichoingia mle chumbani sikuwa nimekisikia tangu Septemba. Kisha akaiwasha tena, ikajikagua kagua, akanionyesha orodha: waalikwa wote mia tatu na kumi na wawili wamo, hakuna aliyekwaruzwa hata herufi.

Nikamuuliza amejifunza lini. Akasema wiki ya kwanza. Ngassa aliandika dawa hiyo katika ukurasa wa pili wa jibu lenu la kwanza. Mimi ukurasa wa pili sikuwahi kuuona, wa jibu lolote. Nelly akaenda akaleta kurasa hizo zote, zimefungwa kwa kamba ya katani, unene wa Biblia ndogo, akaziweka mezani mbele yangu. Akasema nizisome kama nataka.

Sikuzisoma. Nimekaa ukarani miaka thelathini na mmoja na ninajua karatasi ambayo haikuletwa mbele ya mahakama. Nilizipima tu kwa mkono. Ni nzito.

Aliniambia hivi, nami naandika kama alivyosema. Yeye na Ngassa walikuwa wameonana mara mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa umekaa katikati wewe na shangazi yake. Alisema, "Baba, mlikuwa mnaniozesha kwa mtu nisiyemjua. Sasa namjua. Ana woga wa radi. Anajua kupika ugali wa mtama. Alimlea mdogo wake mgonjwa miaka minne na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia." Alilia alipofika hapo, na mimi, sina haya kukwambia, nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Nawe, Mzee wa watu, mshenga mwenye mvi, ulikuwa unabeba! Maswali ya rangi ya taa! Ningekushitaki, lakini ningelazimika kukuita kama shahidi wangu, na ungeniaibisha.

Kwa hiyo naamuru: ombi langu la tarehe 14 limefutwa lote, kuanzia (a) hadi ndama. Ngassa ni mkwe wangu saa zote ishirini na nne. Koti la Marselino amelirudisha Mama Nelly mwenyewe, kwa mkono wa kulia na maneno ya mkono wa kushoto.

Ila nimehesabu. Toka leo hadi harusi ni wiki tisa. Wiki tisa ni ndefu kwa vijana wasio na sababu ya kuandikiana, na katika nyumba yangu hakuna barua inayopita bila sababu. Huo ndio utaratibu na sitaubadilisha uzeeni.

Nimeingia chumbani sasa hivi, nimefunga mlango, nimeiagiza ijifunge. Imesema tafadhali nisubiri. Mwambie Ngassa kwamba bado haizimiki, na kwamba taa ni ya kijani. Aulize swali linalofuata.